Vidonge Vyeusi vya Babu Bonifasi

Babu yangu Bonifasi alikwenda Dar es Salaam mwaka themanini na tisa, akapata kazi ya tanuru kwenye chuo kimoja. Sio tanuru la mkaa. Ni la umeme, dogo kama kabati la vyombo, na likifika joto la nyuzi mia tisa na arobaini linakaa hapohapo kutwa kucha, halipandi wala halishuki. Humo ndani alikuwa anaoka vidonge vyeusi. Hapa Mnero watu waliposikia kwamba anaoka, wakasema anaoka mikate. Jina likawa Mwokaji. Akija likizo watoto walimfuata barabarani kumwomba skonzi.

Mimi sehemu kubwa ya wakati huo sikuiona. Nimehadithiwa na bibi Teodosia, mke wake, aliyebaki na mikorosho na ufuta miaka ishirini na saba, na ndiye aliyenilea tangu mama alipoolewa Masasi. Shule niliishia darasa la nne. Sikufukuzwa. Bibi aliteguka nyonga, nikabaki nyumbani nimchotee maji, halafu nyonga ikapona na mimi sikurudi, na hakuna aliyeuliza.

Bibi alikuwa anaweza kuyasema maneno ya babu kama yalivyo, maana aliyasikia kila likizo.

“Unachukua unga wa aina tatu,” babu alikuwa anamwambia, “mmojawapo una shaba. Unasaga kwenye kinu kidogo cha jiwe, unasaga mpaka mkono unakufa ganzi. Unaoka. Unasaga tena, unaoka tena. Halafu unaukandamiza kwa mashine unakuwa kidonge. Unakioka mara ya mwisho huku unapitisha oksijeni, unakiacha kipoe taratibu, siku nzima na zaidi. Ukiharakisha, umepata jiwe.”

“Na usipoharakisha?”

“Ukikipoza sana, kinapitisha umeme bila kupoteza hata chembe. Na ukiweka sumaku juu yake, sumaku inakaa hewani. Haijashikwa na kitu.”

“Nionyeshe.”

“Mpaka kipate baridi. Baridi kuliko barafu, mara nyingi kuliko barafu.”

“Basi nionyeshe hiyo baridi.”

Baridi hiyo Mnero haikuwepo. Ilikuwepo Dar, kwenye mtungi wa chuo, na bibi Dar hakuwahi kwenda. Kila likizo maneno yaliishia hapo, wanazima taa wanalala.

Ndugu za bibi hawakuamini. Mdogo wake, bibi Beatrisi wa Nanganga, alikuwa anasema waziwazi, mbele ya babu mwenyewe, kwamba hakuna mwanaume anayekaa Dar miaka ishirini na saba akilala na tanuru. Mumewe, babu Silvanus, yeye alichukulia utani. Siku moja babu alimtajia jina la vile vitu, kwamba vinaitwa supakondakta vya joto la juu.

“Konda wa basi gani huyo, mwanyumba?” babu Silvanus akauliza. “Na joto la juu linatoka wapi, wakati unasema vinataka baridi?”

“Vya zamani vilitaka baridi zaidi ya hiyo. Ndiyo maana hivi vinaitwa vya joto.”

“Kwa hiyo mtu akitetemeka kidogo kuliko mwenzake, huyo ana homa.”

Watu walicheka, na babu naye akacheka. Bibi Teodosia hakucheka. Alikuwa anapepeta.

Babu alistaafu mimi nikiwa na miaka saba. Alirudi na begi moja, redio, na chupa ya kioo yenye mfuniko wa kukaza. Ndani ya chupa kulikuwa na vidonge kumi na viwili, kila kimoja kikubwa kama kifuniko cha soda lakini kinene, na chini yake chengachenga nyeupe za kunyonya unyevu. Kila kidonge kilikuwa na namba, imekwaruzwa nyuma kwa sindano. Walimpa siku ya kumuaga. Walimpa na sumaku moja ndogo kama punje ya hindi. Aliiweka chupa juu ya kabati akamwambia bibi: usifungue, adui wa vitu hivi ni maji.

Mwaka huohuo shangazi wa Kilimarondo alileta asali ndani ya dumu lililopasuka. Nyumba nzima haikuwa na chombo chenye mfuniko mzuri kama ile chupa. Bibi aliishusha. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni nachambua mchicha, nikamwona anamwaga vidonge kwenye ungo, anavitazama, anavigeuza.

“Kitu kisichotaka maji kinakaa wapi?” aliniuliza.

Nikaacha kuchambua mchicha.

“Kwenye majivu,” akasema. “Kunde haziozi kwenye majivu, choroko hazitobolewi. Nishikie kibuyu.”

Nikamshikia. Kibuyu kikubwa cha mbegu za kunde, majivu yamejaa mpaka shingoni. Akavizamisha kimoja kimoja kwa vidole vitatu, kama anavyopanda. Cha mwisho kilikuwa namba kumi na mbili. Hicho alikifunga kwanza kwenye nailoni ya chumvi, maana nailoni ilikuwepo moja. Halafu akaziba mdomo wa kibuyu kwa udongo.

Jioni babu aliona asali ndani ya chupa yake. Aliuliza. Bibi akamjibu, “Nimeviweka pazuri. Siku ukileta baridi yako nitavitoa.” Babu alicheka. Alidhani vimo kwenye sanduku la vitenge la bibi, chini ya kitanda. Mimi nilikuwepo, na nilijua viko wapi, lakini hakuniuliza mimi.

Miaka tisa ikapita hivyo. Kila msimu bibi alitoa mbegu za juu akarudisha mpya, vidonge hakuvigusa. Babu alilima. Alipuliza mikorosho, alivuna ufuta, alikosana na mbuzi wa jirani. Hakuwa mkulima mzuri. Mistari yake ilikuwa imenyooka kuliko ya mtu yeyote Mnero, na mazao yake ni ya kawaida.

Mwaka huu mwezi wa tisa bibi alianguka kwenye mikorosho asubuhi. Tulimbeba kwa kitanda mpaka barabarani. Nilikuwa upande wa kichwa. Alimtazama babu akasema, “Bonifasi, hukunionyesha.” Alisema kawaida, kama mtu anayemkumbusha mwenzake chumvi. Babu akajibu, “Nitakuonyesha.” Jioni bibi hakuwepo.

Sikulia. Nilifua mashuka, nikaanika, nikaanua. Watu walikuja wakajaa uwanjani. Siku ya kuzika bibi Beatrisi alisimama karibu na kaburi akasema mbele ya wote, “Dada yangu amekufa anangoja jiwe linaloelea.” Watu wakatazama chini. Babu alikuwa anamtazama kuku aliyepita katikati ya waombolezaji, akamfuata kwa macho mpaka akaingia kwenye mihogo.

Baada ya hapo babu alibaki na jambo moja tu. Aliniambia siku tunaokota korosho, hata hakuinua kichwa.

“Nataka Beatrisi aone sumaku ikikaa hewani. Basi. Akiona yeye, ndugu zake wote watakuwa wameona. Watajua sikumdanganya.”

“Na baridi je?”

“Baridi inapita barabarani.”

Ni kweli ilikuwa inapita. Tangu mwaka huu kuna kijana anaitwa Anuari, mhimilishaji, anazunguka na pikipiki kuwapandisha ng'ombe wa maziwa kwa mbegu za madume ya mbali. Mbegu anazibeba kwenye mtungi wa naitrojeni, hewa iliyopozwa mpaka imekuwa maji. Babu alimngoja kwenye kibanda cha chai siku mbili. Mimi nilikwenda naye siku ya pili.

“Mzee wangu, naitrojeni ni ya mbegu,” Anuari akasema. “Nikikumwagia wewe, madume yangu yanakufa huku, bosi ananila nyama.”

“Ile inayobaki ukimaliza?”

“Inayobaki inapotea hewani tu.” Alifikiri, anakoroga chai. “Unataka kufanya nini nayo?”

Babu akamweleza. Nilidhani Anuari atacheka. Aliacha kukoroga.

“Hiyo niliwahi kuiona kwenye simu,” alisema. “Kumbe ipo kweli? Sikia, mzee. Ng'ombe wangu wa mwisho mzunguko huu yuko Nanganga, kwa mama mmoja anaitwa Beatrisi. Jumamosi. Nikitoka kwake mtungi hauna kazi.”

“Beatrisi ni shemeji yangu.”

“Basi freshi. Njoo na jiwe lako.”

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Babu alirudi akavuta sanduku la bibi, akatoa vitenge vyote, rozari, kadi ya kliniki, picha ya mama yangu akiwa mdogo. Vidonge havikuwemo. Alitafuta darini. Alitafuta kwenye mfuko wa koti lake mwenyewe. Alhamisi jioni akaja jikoni nilipokuwa.

“Klementina, bibi yako aliviweka wapi vile vidonge?”

“Kwenye kibuyu cha kunde.”

“Kwenye kunde?”

“Kwenye majivu ya kunde.”

Alikaa kwenye kigoda. “Tangu lini?”

“Tangu asali.”

Akavua kiatu kimoja, akakikung'uta, hakikuwa na kitu, akakivaa tena. “Na kibuyu kiko wapi?”

Alijua kiko wapi. Kwetu mbegu za mwanamke ni za ukoo wake. Mume anakula kunde hizo miaka thelathini lakini kibuyu hakigusi, na mke akifa mbegu zinarudi kwa dada zake. Arobaini ilikuwa imeshapita, na bibi Beatrisi alishaondoka na vibuyu vitatu kwenye pikipiki, amevifunga kwa kanga. Mvua ilikuwa inakaribia. Angeanza kupanda wakati wowote.

“Utafungua wewe,” babu akaniambia. “Wewe ni mtoto wa binti yao.”

Jumamosi alfajiri tulikaa kando ya barabara kungoja gari. Babu alivaa koti lake la kazi, jeupe, ambalo limekuwa rangi ya chai. Mfukoni alikuwa na sumaku na vijiti viwili vya mianzi. Gari lilichelewa sana. Nikamuuliza kama majivu ni mabaya.

“Majivu ni makavu ukiyashika,” alisema. “Lakini yana chumvi yake, na chumvi hiyo inavuta maji kutoka hewani. Kunde hazidhuriki kwa unyevu huo mdogo. Kidonge kinadhurika.”

“Kinayeyuka?”

“Hapana. Kidonge kile ukikiona ni kitu kimoja, lakini sio kimoja. Ni punje nyingi mno zimeshikana, ndogo kuliko vumbi. Kila punje ndani yake ni safi, imejipanga. Tatizo liko katikati, pale punje moja inapokutana na nyingine. Umeona watu wakipakua tofali?”

Nimeona. Wanasimama mstari, wanarushiana mkono kwa mkono.

“Wakielekeana vizuri tofali inakwenda mpaka mwisho. Mmoja akisimama upande, tofali inaanguka, hata kama wote wana nguvu. Umeme nao hivyohivyo. Punje zikiwa zimepindana, hauvuki. Na pale katikati pakiwa na uchafu, hauvuki. Kazi yangu yote ilikuwa hapo. Kusaga vizuri, kuoka vizuri, kupoza taratibu, ili pale katikati pasiwe na kitu.”

“Hapo katikati ni pakubwa kiasi gani?”

Alivuta unywele kichwani kwake, mweupe, akaunyoosha. “Upasue huu mara elfu arobaini. Kipande kimojawapo.”

Nikautazama.

“Walikuwa na darubini ya kupaona?”

“Walipeleka vidonge ng'ambo vikapigwe picha. Profesa akanionyesha picha. Namba kumi na mbili ndiyo ilikuwa safi kuliko zote.” Akauachia unywele. “Maji hayaanzi kula punje. Yanaanzia hapo katikati.”

“Kwa hiyo vimeharibika?”

“Masika tisa,” alisema. Halafu gari likaja.

Nanganga tulifika jua limeshapanda. Bibi Beatrisi alikuwa anafagia banda la ng'ombe. Ni mwembamba kama bibi Teodosia, anatembea kama yeye, na ukimwona kwa nyuma unasimama kidogo.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba. Mmekuja kwenye harusi ya ng'ombe?” Akamtazama babu, koti, viatu. “Shemeji, leo unaoka?”

“Leo naomba kitu,” babu akasema. Alisimama mbali na mlango. “Kwenye kibuyu cha kunde cha Teodosia kuna vitu vyangu. Aliniwekea. Klementina avitoe, mbegu zibaki zako.”

“Vitu gani?”

“Vile vidonge. Anuari akimaliza na ng'ombe atanipa baridi. Nataka uone.”

Bibi Beatrisi aliegemeza ufagio.  “Dada yangu miaka yote hiyo hakuona, niione mimi?”

“Ndiyo.”

“Na isipoelea?”

“Isipoelea utasema unachotaka.”

“Ninachotaka nimeshasema makaburini,” alijibu. Lakini akaingia ndani akatoka na kibuyu, akakiweka mapajani mwangu. “Fungua wewe. Zikimwagika kunde zangu utaziokota moja moja.”

Nilivunja udongo wa mdomoni kwa kisu. Nikamimina kwenye ungo taratibu. Majivu yalikuwa na mabonge, kunde zilikuwa nzima, zinang'aa. Kidonge cha kwanza kilitoka kimevimba, kimepasuka kama mkate wa mhogo. Nilipokigusa kilibaki unga mikononi, kijivu cha kijani, na weupe kama chokaa. Cha pili hivyohivyo. Babu alichuchumaa pembeni, mikono yake ameiweka magotini, hakugusa ungo. Nilihesabu mabaki kumi na moja. Halafu ikatoka nailoni.

“Fungua,” babu akasema.

Namba kumi na mbili ilikuwa nzima. Nyeusi. Kingoni ilikuwa na weupe kidogo, upande mmoja, kama ukungu wa ndizi. Niliigeuza nikaona namba. Nikamwekea babu kwenye kiganja, akaipuliza, akaikwaruza kidogo kwa ukucha, akainusa. 

“Huyo ndiye mchumba?” babu Silvanus akauliza. Alikuwa amekuja kutoka shambani, jembe begani. “Mwanyumba, mimi nilitegemea kitu kikubwa. Kifuniko cha soda kimekuweka Dar miaka ishirini na saba?”

“Ishirini na saba.”

“Ungeniambia, ningekuletea vya bure pale baa.”

Anuari alifika saa nne. Alimaliza na ng'ombe kwa muda mfupi, glovu mpaka begani, ng'ombe anatafuna. Akanawa. Akatoa boksi jeupe jepesi la kubebea chanjo, akalikata kingo kwa kisu likawa kama sahani, akaliweka juu ya kinu kilichopinduliwa. Majirani watatu wanne walisogea. Babu aliweka kidonge katikati ya boksi.

Anuari alimimina. Moshi mweupe ulimwagika ukashuka chini badala ya kupanda, ukapita miguuni, kuku wakakimbia. Maji yale yalichemka kwa kelele.

“Inachemka na inasemekana ni baridi,” babu Silvanus akasema. 

“Tungoje ikae kimya,” babu akasema.

Kelele ikapungua, ikawa mluzi, ikaisha. Kidonge kilionekana chini ya maji, cheusi. Babu alishika sumaku kwa vijiti vya mianzi. Bibi Beatrisi alikuwa amesogea karibu kuliko watu wote, amejifunga mikono kifuani. Mimi nilimtazama yeye kwa sababu sikuweza kutazama boksi.

Babu akaishusha sumaku. Akaachia.

Nilisikia Anuari akivuta pumzi, nikatazama. Sumaku ilitikisika. Ilijigeuza kidogo, ncha moja ikanyanyuka, kimo cha ukucha, ikakaa hivyo kwa muda wa kuhesabu mbili. Halafu ikalala juu ya kidonge.

Babu aliichukua tena. Akaigeuza upande wa pili, akashusha polepole zaidi. Ikatikisika, ikalala. Mara ya tatu Anuari aliongeza naitrojeni, ya mwisho, akaupindua mtungi kabisa. Wakangoja. Babu akaachia. Haikunyanyuka hata ncha.

“Ndiyo imeelea hiyo?” bibi Beatrisi akauliza. Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza ajue.

“Hapana,” babu akasema.

“Imetikisika lakini,” Anuari akasema. “Mzee, mimi nimeona, imetikisika.”

“Punje bado zinajaribu. Kila moja peke yake. Hazishirikiani tena.”

“Ilitunzwa wapi hii?” Anuari aliinama, akaona majivu kwenye mikunjo ya nailoni. “Kwenye majivu? Nani aliyeiweka kwenye majivu? Majivu si yanavuta unyevu?”

 Bibi Beatrisi aligeuka akautazama ungo, kunde za dada yake na mabonge yale. Nilimwona anaanza kufikiri. Nilikuwa nangoja babu aseme. Ilikuwa ni jina moja tu, na lilikuwa kweli, na baada ya hapo kila mtu pale angejua kwamba yeye alifanya kazi yake sawasawa.

“Mimi,” babu akasema. “Nilimwambia Teodosia aviweke kwenye majivu.”

“Wewe?” Anuari akasema. “Fundi mzima?”

“Nilidhani majivu ni makavu. Sikujua.”

“Mwanyumba,” babu Silvanus akasema, na safari hii hakuwa na utani mwingi, “miaka ishirini na saba hawakukufundisha hilo?”

“Labda walifundisha. Nimesahau.”

Naitrojeni ilikuwa inaisha. Boksi lilibaki na ukungu mweupe juu ya kidonge, barafu ya unyevu wa hewa yetu. Babu aliniangalia mara moja. Mimi nikainama nikaanza kuzirudisha kunde kwenye kibuyu. Zilikuwa nyingi. Nikachagua mabonge nikayatupa pembeni, nikarudisha majivu makavu, nikazitikisa zizame.

Majirani walitawanyika bila kuaga. Anuari alifunga mtungi kwenye pikipiki kwa mpira. Alimpa babu mkono, akamwambia akipata jiwe jingine amwite, akasema pole, akaondoka. Nikasikia pikipiki mpaka ilipoingia barabara kubwa.

Bibi Beatrisi aliketi kando ya kinu. Alikitoa kidonge kwenye boksi, kikamuunguza kwa baridi, akakiangusha mchangani, akanyonya vidole.

“Kumbe baridi kweli,” alisema.

“Baridi kweli.”

“Huko Dar, shemeji. Kulikuwa na mwanamke?”

“Hakukuwa.”

“Jiwe lingefanya kazi, sumaku ikakaa hewani, nisingekuuliza.”

“Najua.”

Alimtazama muda mrefu. Sijui alichokuwa anakiona. Babu alikuwa anavikunja vijiti vyake vya mianzi ndani ya leso, anakunja na kukunjua, leso haikutosha.

“Hasemi uongo na hasemi kweli, huyu,” bibi Beatrisi akamwambia mumewe, kama vile babu hayupo. Halafu akaniita nikachukue ugali jikoni.

Tulikula kisamvu. Babu alinawa mara mbili, maana unga wa vile vidonge ni sumu, akaniamrisha na mimi ninawe tena, na ungo uoshwe kwa maji mengi, na kunde zile zisiliwe, zipandwe tu. Bibi Beatrisi alimsikiliza yote hayo hakubisha, akaosha ungo mwenyewe.

Wakati wa kuondoka alitusindikiza mpaka kwenye mwembe wa jirani, kwa desturi. Alikuwa amekishika kibuyu kwapani, hakukiacha nyumbani. Alimuuliza babu kama mvua ikianza atarudi kumsaidia kupiga mistari, maana Silvanus mistari yake inakwenda kama nyoka. Babu akasema atakuja.

Kwenye gari tulikaa kiti cha nyuma. Nilitaka kumuuliza kwa nini alisema ni yeye aliyechagua majivu. Nilifungua mdomo mara moja karibu na njia panda, na mara nyingine tulipovuka daraja.

“Unataka kusema nini?” akauliza.

“Hakuna.”

“Basi funga dirisha. Vumbi.”

Nikafunga.